Kiti cha Kushoto

Gari letu lina usukani upande wa kulia, na huku Burundi tunaendesha kulia. Mwenye gari kama hili keshacheka; asiye nalo nitamweleza. Dereva anakuwa upande wa majani, kwa mbuzi na watoto wa shule, na likiwapo lori mbele yake haoni kitu isipokuwa makalio ya lori. Anayeona kama kuna gari linakuja ni mtu wa kiti cha kushoto. Huyo ndiye anayechungulia, anasema "bado", anasema "sasa", na dereva anatoka kulipita lori kwa imani tu. Magari ya namna hii yamejaa barabara yetu ya ziwani, toka Nyanza-Lac mpaka Bujumbura, na ukiwa nalo huwezi kumpita mtu kama huna mtu.

Kiti cha kushoto kilikuwa changu. Mume wangu Meshaki aliendesha, mimi nikachungulia. Tulifundisha shule moja kule Minago, yeye hesabu, mimi Kiswahili, na nyumba yetu iko Rumonge mjini, kwa hiyo njia ilikuwa ile ile kila siku ya kazi. Asubuhi tukienda, ziwa liko kushoto, ni langu. Jioni tukirudi liko kulia, ni lake. Nilikuwa na "bado" nyingi sana. Lori la mikungu ya michikichi likitambaa mbele yetu, anauliza, "Vipi huko?" Nami, "Bado." Tunamaliza kona, anauliza tena, nami tena, "Bado."

"Mama Anita," ananiambia, "wewe ungefaa kuwa askari wa mpaka."

Ila hakutoka hata mara moja kabla sijasema. Nikisema "sasa" anakanyaga, tunapita, na tukisharudi upande wetu ananigeukia kidogo na kuniambia, kwa Kirundi cha heshima kama anayezungumza na mkwewe, "Murakoze," yaani asante. Ilikuwa mzaha wake. Hata siku tulizotoka nyumbani tumenuniana, murakoze yangu niliipata.

Alifariki mwaka juzi wakati wa mvua. Presha ilimpanda asubuhi, jioni hayupo. Gari likabaki limesimama mlangoni likikusanya majani ya mpapai, mpaka nikaona aibu, nikachukua ufunguo. Kuendesha alikuwa amenifundisha mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, kwenye uwanja wa mpira, na cheti ninacho. Kitu ambacho hakunifundisha ni kupita, kwa sababu uwanjani hakuna wa kumpita, na barabarani mimi nilikuwa na kazi yangu nyingine.

Kwenye kile kiti cha kushoto sikumweka mtu. Majirani walidhani naheshimu kiti cha marehemu. Marehemu gani! Marehemu alikuwa anakaa huku ninakokaa mimi sasa. Kile ni kiti changu, mimi Zipora. Nikimpakia mtu pale, basi nimekubali kwamba dereva ni mimi, na aliyekuwa dereva hayupo. Walimu wenzangu waliosimama barabarani asubuhi niliwaambia wapande nyuma, wakabanana watatu kama mihogo kwenye kapu, na huko mbele ukakaa mkoba wangu peke yake kama bibi harusi. Mwishowe walichoka. Sasa hivi wanapanda pikipiki, na wakinipita wananipungia mkono.

Na kupita lori nilijaribu mara moja tu. Ilikuwa mwanzoni, mwezi ule wa kwanza. Kabla sijasimulia, niseme kwamba mimi nimekulia Tanzania, Ulyankulu, kwenye kambi ya wakimbizi, na mjomba wangu Revokatus alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Nikiwa mdogo alinipandisha mbele na kunifundisha lugha ya madereva. Wa mbele akikuwashia taa ya kushoto, anakwambia pita, ni salama. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Basi siku ile nilikuwa nyuma ya lori la mbao, sioni mbele, na lori likawasha taa ya kushoto. Nikasema, asante baba, Mungu akubariki. Nikatoka. Nikakutana uso kwa uso na lori la bia.

Nilirudi nyuma ya zile mbao sijui vipi. Kioo cha pembeni kilibaki huko. Nilisimama chini ya michikichi ya watu nikaapa mambo mawili: kwamba sitapita gari lolote tena maishani, na kwamba madereva wa barabara hii ni wauaji.

Kati ya wauaji hao, mkubwa wao alikuwa na Probox nyeupe ya teksi yenye maandishi nyuma: POLEPOLE NI YA KOBE. Jina lake nililijua, Cubaka, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, maana kwenye maegesho ya Rumonge wanamwita kwa kupiga kelele. Kila asubuhi, mimi nikiwa nimejipanga nyuma ya lori langu kwa adabu, namsikia anakuja. Honi mbili, pi pi, ananipita kana kwamba mimi ni jiwe. Halafu anatoka kulipita na lori, na hapo ndipo alipokuwa ananiua kwa hasira: anawasha taa ya kulia na kuiacha iwake, wee, iwake, mpaka anapotelea mbele. Ya kulia! Nami nilijua maana yake tangu utoto. Tulia hapo hapo, bibi. Kaa na kobe wenzako.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipokwisha nikaingia kwenye Kiha nilichookota sokoni. Wanafunzi wangu wangesikia, wasingenisalimia tena. Tena nitasema ukweli: kuna siku ambazo yale matusi yalikuwa maneno ya kwanza kutoka kinywani mwangu tangu nilipoamka. Nyumba ikiwa na mtu mmoja, mtu haongei. Unaamka, unachemsha chai ya kikombe kimoja, unafunga mlango. Mtu wa kwanza niliyezungumza naye asubuhi alikuwa Cubaka, na yeye hakunisikia.

Gari nalo likaanza kuzeeka kwa vituko. Dirisha la nyuma likagoma kupanda. Mlango wangu ukawa haufunguki ila kwa nje, ikabidi nitoe mkono dirishani nijifungulie kama mwizi. Asubuhi nyingine haliwaki mpaka nishuke nigonge kichwa cha betri kwa jiwe, na jiwe lenyewe nikawa natembea nalo chini ya kiti. Esanse, yaani petroli, ndiyo hiyo, leo ipo, kesho haipo. Na kila siku nafika shuleni kengele imeshalia, kwa kuwa lori likienda mwendo wa bata, nami ni bata. Mkurugenzi wa shule yetu, Bwana Zakaria, ni mtu mpole. Aliniita akaniambia, "Madamu Zipora, watoto wanakungoja. Labda gari imekuwa kazi kuliko shule."

Nilimsimulia binti yangu Anita kwa simu, yuko Bujumbura na mumewe, na Anita hana mchezo. Wiki ile ile akanitafutia mnunuzi, Casimir fulani wa Kabonga, mfanyabiashara wa dagaa, aje Jumamosi alione.

"Mama, uza upande pikipiki kama watu wote. Gari huliwezi."

"Nani kasema siliwezi?"

"Wewe mwenyewe ulisema. Huwezi kupita hata baiskeli."

Sikutaka kuliuza, na sababu yangu haikuwa ya kumwambia mtoto. Kile kichwa cha gia kimelainika kwa kiganja cha baba yake. Nikikishika asubuhi nashika mahali alipokuwa anashika, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya siku. Lakini Anita alikuwa na haki. Dereva asiyeweza kupita si dereva, ni mkia wa lori. Nikasema haya, aje.

Alhamisi, siku mbili kabla ya huyo Casimir, nilikuwa narudi. Jua lilikuwa limeinama upande wa Kongo na ziwa linanipiga machoni. Nimeshavuka vibanda vya mwisho vya mawese, Rumonge haiko mbali, nikaona moshi mweupe unatoka mbele ya kioo. Nikaegesha. Nikatoa mkono dirishani, nikajifungulia, nikafunua boneti, na mvuke ukanifukuza. Mpira wa rejeta umepasuka, maji yote yako chini.

Nilisimama pale na jiwe langu la betri mkononi, kana kwamba litasaidia. Magari yakapita. Wengine walipiga honi, mmoja alipunguza mwendo akanitazama na kuongeza tena. Niliwaza kwamba nikiketi hapa mpaka asubuhi, hakuna nyumbani atakayesema huyu amechelewa. Wazo hilo liliniuma kuliko rejeta.

Halafu Probox nyeupe ikasimama. Nilipoyasoma yale maandishi ya kobe nilitaka kuingia ziwani. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami wakunga nilikuwa nimewamaliza wote.

Cubaka aliteremka, mwembamba, mdogo kuliko nilivyomfikiria, amevaa ndala. Hakuwa na abiria.

"Amahoro, madamu. Hapana fungua ile kifuniko! Iache ipowe kwanza, itakuunguza."

"Sijaifungua."

"Basi ni vizuri." Akachungulia ndani. "Ni mupira tu. Ni kitu kidogo. Niko na kipande ya mupira ya baiskeli, tutafunga, itakufikisha kwako."

Akachukua kidumu akashuka ziwani kuteka maji, akarudi, akachuchumaa na kuanza kuufunga ule mpira, anavuta kwa meno, anazungusha. Nilimwangalia yale mabega na hasira yangu ya mwaka mzima ikapanda. Ningeshukuru kwanza, najua. Lakini hasira ilikuwa imekaa mlangoni muda mrefu.

"Nikuulize kitu, kijana."

"Uliza, madamu."

"Mimi nimekukosea nini?"

Akageuka na ule mpira mdomoni.

"Kila asubuhi unanipita, sawa, una haraka zako. Lakini ile taa ya kulia unayoniwashia, ya nini? Mtu mzima kama mimi unaniambia nitulie hapo hapo, kila siku, kila siku! Nimekukosea nini?"

Akautoa mpira mdomoni. "Utulie? Nani alisema utulie?"

"Taa ya kulia maana yake ni nini?"

"Ya kulia ni pita! Njia iko wazi, kuja, pita! Ya kushoto njo kusema baki, kuna gari inakuja." Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. "Madamu, wewe ulijifunzia wapi?"

"Tanzania," nikasema.

Akapiga paja, akacheka mpaka akaketi kwenye changarawe. "Kule wanatembeza kushoto! Ya kwao yote inageuka! Kumbe! Mimi minasemaka, huyu mama, ninamufungulia njia kila asubuhi, anafunga sura tu, hapiti. Nikasema labda hanipende."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelikumbuka lori la mbao. Taa ya kushoto. Yule dereva alikuwa ananikataza. Alikuwa ananiambia baki, baki, kuna lori la bia, nami nikamshukuru na kwenda kufa. Na huyu hapa, mwaka mzima, kila asubuhi, alikuwa ananiambia njoo. Niliona aibu, na chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine. Nilidhani barabara nzima hakuna anayenijali, kumbe kulikuwa na mtu ananichungulia.

"Kwa nini unanifungulia njia?" nikamwuliza. "Hunijui."

"Gari ninaijua." Akarudia kufunga. "Ile ya muzee Meshaki. Mimi na yeye tulikuwa tunapimanaka kila asubuhi, nani atafika mbele Minago. Hukujua? Alikuwa mukali, ule muzee! Lakini anashindwa kila siku. Mimi nikimupita, kiti yangu ya kushoto haikosake mutu, ninajua njia iko wazi, ninamuwashia ya kulia ili na yeye akuje tushindane vizuri. Haye, hapiti. Anabaki nyuma ya lori."

"Hakuijua ile taa," nikasema. "Na yeye alikulia Tanzania."

"Hapana, alijua sana. Siku moja pale maegesho nilimuuliza. Nikasema, muzee, ninakuwashia njia iko wazi, unaona kabisa, juu ya nini hupiti?" Akakaza fundo la mwisho, akapangusa mikono kwenye suruali. "Akaniambia, 'Mama Anita bado hajasema.'"

Niliegemea gari. Nililia pale pale, mbele ya mtu niliyemwita muuaji, sauti yangu ikatoka kama ya mtoto. Bado zangu zote zile. Alikuwa anaona taa, anajua njia iko wazi, anapenda mashindano kama mvulana, na anakaa nyuma ya lori akiniuliza, vipi huko?

Cubaka hakunigusa wala hakuniambia nyamaza. Alitia maji kwenye rejeta taratibu, kidogo kidogo, kisha akafunga boneti.

"Mama yangu iko Uvira," akasema, akitazama ng'ambo ya ziwa. "Siku hizi, juu ya vita, siwezi kufika kule. Haya, madamu. Washa."

Likawaka bila jiwe. Malipo alikataa.

Usiku Anita alipiga simu kunikumbusha kuwa Casimir ataondoka Kabonga mapema, nisafishe gari. Nikamwambia nitampa jibu kesho. "Jibu gani tena, mama?" Nikamwambia kesho.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nyuma ya lori. Safari hii lilibeba magunia na watu juu ya magunia, na mwendo wake ndio ule wa bata. Nilisikia honi, pi pi. Probox ikanipita, ikatoka upande wa ziwa, ikaenda sambamba na lori, na taa ya kulia ikawaka. Ikawaka, ikawaka. Njoo.

Mkono wangu ulikuwa kwenye gia. Nilijua sasa inasema nini. Barabara pale imenyooka, nami sikutoka. Cubaka alipotea mbele, akapunguza mwendo makusudi, nikamwona kwenye kona akiwasha tena. Bado sikutoka. Nilipotoka mjini nilikuwa nimejiambia naogopa lori la bia, lakini hofu siku hiyo haikuwa hiyo. Nilikuwa nangoja, na nilimjua ninayemngoja. Nilikuwa nangoja yule wa kushoto aseme.

Basi nikautupa mkoba nyuma. Njia iliponyooka tena niliegemea upande ule, nusu ya mwili juu ya kiti changu, mkono mmoja kwenye usukani, nikachungulia. Nililiona ziwa kama nilivyokuwa nikiliona zamani. Niliiona barabara, tupu mpaka kwenye michikichi ya mbali, na huko mwisho taa ndogo ya kulia inawaka.

"Sasa," nikasema, kwa sauti.

Nikakanyaga. Gari lilinguruma, watu wa juu ya magunia wakashangilia, magurudumu ya lori yakapita dirishani kwangu moja baada ya jingine, kisha pakawa na mwanga na nikarudi upande wangu. Mbele Cubaka alipiga honi kama mtu wa harusi. Nilikuwa nimepita, nami nikifika shuleni ningempigia Anita, amwambie Casimir asije.

Nikapunguza mwendo kidogo. Nilingoja nisikie murakoze. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, upepo unaingia, na barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu mpaka Minago.